Punda wa Bwana Tofali

Jumanne, tarehe 3, mwezi wa tatu

Yule binti daktari wa mifugo kanipa daftari hili na kalamu, kasema niandike kila siku punda kala nini, kanywa kiasi gani, na choo chake kikoje. Nimemwambia mimi sina haja ya kuandika, kichwa changu kinamkumbuka kila punda niliyemwendesha tangu ujana wangu, na tabia zake, na siku aliyokufa. Akasema, "Andika tu, babu." Basi naandika. Kusoma nilijulia ukubwani, katika darasa la watu wazima, na niliwapita wote waliokuwa mle ndani, mwalimu mwenyewe alikiri. Mwandiko wangu ni mkubwa kwa sababu mkono wangu ni mkubwa.

Nianze mwanzo. Jumapili mvua kubwa ilinyesha, mwaka huu zimeanza mapema, tangu mwezi wa kwanza. Nilikuwa natoka kununua betri za redio, nikapita kwenye tanuri la tofali. Mvua zikianza, kazi ya tofali inakufa, maana udongo haukauki, na kila mtu anaenda zake. Aliyebaki pale alikuwa punda. Kafungwa kwenye nguzo kwa kamba fupi, kalowa chapachapa, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Kwato za mbele zimerefuka mpaka zimepinda kwenda juu. Begani, pale mti wa mkokoteni unapokaa, ana kidonda cha upana wa sahani, na ndani ya kidonda kuna vitu vinacheza. Alikuwa ameitafuna nguzo mpaka imekonda katikati.

Nikaenda mgahawani kwa muuza chai, nikamkuta mwenyewe, Bwana Tofali, amekaa na wenzake. Nikamwambia, punda wako anaoza. Akasema, "Mzee wangu, yule amekwisha. Nasubiri afe nimfukie."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mbele ya watu hakuna punda aliyekwisha, kuna wenye punda waliokwisha. Nikasema nipe mimi, na mvua zikikatika atavuta mkokoteni wako umejaa tofali kutoka shimo la udongo mpaka juu ya kilima, na watu hawa watakuja kuona.

Watu wakacheka. Bwana Tofali hakucheka. Akaweka kikombe chini akasema, "Mchukue. Akifika juu, ni wangu, namrudisha kazini. Asipofika, ni wako, fanya naye unavyotaka. Hawa wote mashahidi."

Tukapeana mikono. Mtaani wananiita Jemedari, nusu kwa heshima, nusu kwa kunicheka. Siku hiyo walichukua ile nusu ya pili. Nitawaonyesha.

Kutoka tanurini mpaka nyumbani kwangu ni mwendo mfupi, wa kuagana na mtu. Sisi tuliumaliza jioni.

Leo daktari kaja, kaosha kidonda, katoa wale wadudu kwa kibanio mmoja mmoja. Kaagiza nyasi kavu tu, kidogo kidogo, mara nyingi. Pumba na nafaka marufuku mpaka yeye aseme. Nimeitikia. Kuitikia si kukubali.

Jumatano, tarehe 4

Kala nyasi. Kanywa ndoo moja. Choo kigumu. Mvua.

Ijumaa, tarehe 6

Nyumba hii tuliachiwa na baba, mimi na dada yangu. Yeye ni mkubwa wangu na hanipi nafasi ya kusahau. Mume wake alikufa, mke wangu alikufa, tukarudi hapa kila mtu na upande wake. Jiko liko upande wake, kwa hiyo mwenye nyumba ni yeye.

Leo kaniuliza, "Kuni zangu ziko wapi?"

"Ziko chumbani kwako, dada. Kwenye kona."

"Kwa hiyo mimi nalala na kuni, huyo analala kwenye banda la kuni."

"Kuni hazikoromi."

"We mdogo wangu, umri huu watu wanafuga kuku wawili wakatulia. Wewe umeleta maiti inayotembea." Kisha akachungulia bandani, akasema, "Huyo mgeni wako kalowa. Mpe gunia ajifunike."

Sasa anamwita hivyo, Mgeni. Mimi sijampa jina. Punda wa mtu hapewi jina.

Jumapili, tarehe 8

Daktari kaja na msumeno na tupa, kamkata kwato. Mimi nimeshika kichwa. Kusema haki, mkono wake mwepesi. Vipande vimeanguka vikubwa kama makaa. Punda alipoweka mguu chini akaduwaa, kama mtu aliyevuliwa viatu vya kuazima.

Lakini habari ya chakula, yule binti bado mtoto. Nimekaa nazitazama zile mbavu. Mgahawani kila nikiingia wananiuliza, "Jemedari, mazishi lini?" Mwenye njaa anapewa chakula, jambo hilo halihitaji chuo. Leo jioni nimempa pumba na mahindi yaliyovunjwa. Kamaliza kabla sijasimama vizuri.

Jumanne, tarehe 10

Ndoo nzima ya pumba na mahindi, kama jana na juzi. Macho yamechangamka. Kanilamba mkono. Punda sijawahi kukosea.

Alhamisi, tarehe 12

Asubuhi nilipofungua banda alikuwa amesimama vibaya. Miguu ya mbele kaitupa mbele, mwili kaurudisha nyuma, kama mtu anayeegemea ukuta ambao haupo. Nikamwita, hakuja. Nikavuta kamba. Akainua mguu mmoja akaurudisha upesi, akatetemeka mwili mzima. Nikainama nikashika ukwato. Ulikuwa na moto kama birika lililotoka jikoni.

Nilijua palepale. Lakini dada alipouliza nikasema labda baridi imempiga.

Dada akampigia simu daktari. Akaja na pikipiki yake, tope mpaka kwenye nyusi. Akashika kwato zote, akainuka polepole.

"Babu, umempa nini?"

"Nyasi."

"Nyasi tu?"

"Nyasi, kama ulivyoniagiza."

Dada alikuwa mlangoni na ufagio. "Pumba," akasema. "Na mahindi. Ndoo kila jioni tangu Jumapili. Anadhani nimeziba masikio akichota kwenye pipa langu."

Daktari hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alisema mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu, tumbo lake limesahau nafaka. Ukimshindilia ghafla, tumbo linachafuka na sumu inashuka kwenye kwato. Nyama ya ndani inavimba na ukwato haupanuki. "Ni kama kidole chako kivimbe ndani ya chupa, babu. Na juu ya chupa hiyo ubebe mwili wako wote."

Nikasema, "Enzi zetu tuliwapa mahindi na walifanya kazi."

"Wa enzi zenu walikuwa wanakula kila siku. Huyu alikuwa anakula nguzo."

Akafunga mkoba wake, akaongeza, "Mwenye tofali alikuwa anamuua polepole. Wewe umetaka kummaliza kwa wiki moja."

Nimetukanwa na madereva wa malori, nimetukanwa na polisi, nimetukanwa na mama mkwe wangu aliyekuwa na kipaji hicho, hakuna neno lililonifika mfupani kama hilo. Na hakulisema kwa kutukana.

Kaagiza asimame kwenye tope baridi, na pa kulala pawe laini. Nimechimba nyuma ya banda mwenyewe, maji ya mvua yakajaza. Seremala wa jirani kanipa magunia ya maranda. Aliuliza, "Vipi mgonjwa wako?" Nikamwambia anakaribia kupiga mbio. Sijui kwa nini nimesema hivyo. Mdomo umezoea.

Ijumaa, tarehe 13

Hajala.

Jumamosi, tarehe 14

Kanywa kidogo. Tope, banda, tope. Goti langu limevimba.

Jumatatu, tarehe 16

Mvua. Mvua. Hajala mpaka jioni, kisha nyasi za kujaza kiganja.

Jumatano, tarehe 18

Mgahawani wameuliza. Nimewaambia ana nguvu kama treni. Nimerudi nyumbani, sahani nimemrudishia dada imejaa.

Ijumaa, tarehe 20

Kalala chini, hainuki. Daktari kamwangalia macho na ufizi. Kasema kama Jumatatu hajasimama atamchoma sindano apumzike, kumwacha hivyo ni kumtesa. Nikamwambia hakuna punda aliyenifia mikononi. Akasema, "Babu, hapa hatuzungumzi habari zako."

Jumapili, tarehe 22

Leo dada kaja bandani na kigoda chake na bakuli la maharage ya kuchambua. Akakaa karibu na kichwa cha punda kama aliyekuja kumtembelea jirani. Nikamuuliza kuna nini. Akasema jikoni kuna moshi. Jikoni hakukuwa na moshi, hata moto ulikuwa haujawashwa.

Akachambua konzi ya kwanza. Kisha akasema, "Amelala upande huo tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Basi ataoza. Mume wangu nilimgeuza mwaka mzima. Mtu akilala upande mmoja damu inalala naye. Nyanyuka."

Tukatandika blanketi, tukampitishia chini ya mgongo, dada akashika miguu ya nyuma, mimi mabega. Wazee wawili tunavuta punda. Mara ya kwanza nilianguka mimi. Dada hakucheka, na huyo ni mtu anayecheka hata msibani. Akasema, "Usivute kwa hasira. Vuta akivuta pumzi." Tukasubiri ubavu upande, tukavuta, akageuka. Upande aliokuwa amelalia manyoya yalikuwa yametoka na ngozi imekuwa nyekundu. Dada akaipaka mafuta yake ya kujipaka, yale ambayo mimi nikiyagusa nyumba inawaka.

Nimeishi na dada huyu utotoni na uzeeni. Nilidhani kule kwa mumewe alikuwa anakaa tu anangoja kuwa mjane.

Tumemgeuza tena kabla ya giza.

Jumatatu, tarehe 23

Asubuhi nimesikia kishindo. Nimefika, kasimama. Anayumba kama meza mbovu, lakini kasimama. Daktari kafika na sindano yake mkobani, kamkuta anakula maranda. Nikamwambia nilijua tu. Dada kakohoa.

Jumamosi, tarehe 4, mwezi wa nne

Nyasi kavu, asubuhi, mchana na jioni. Kwato zimepoa. Kidonda cha bega kinafunga pembeni. Pipa la pumba dada kalifungia kwa kufuli na mimi sijasema neno.

Alhamisi, tarehe 9

Daktari kasema aanze kutembea kidogo nyuma ya nyumba, ardhi laini. Nimejaribu kumwendesha kama tunavyowaendesha wote, mimi nyuma yake. Hakwenda. Nikainua bakora yangu, si kumpiga, ni kuonyesha njia tu. Akajikunja, masikio chini, akangoja. Hakukimbia. Alingoja nimpige.

Bakora hii natembelea mimi kwa sababu ya goti. Nimeiegemeza ukutani. Nikaenda mbele yake mikono mitupu, nachechemea, nikimsemesha upuuzi wowote. Nikasikia tope linalia nyuma yangu. Anakuja. Nikisimama anasimama. Nimezunguka nyumba, yeye nyuma, wote wawili vilema. Dada kachungulia dirishani akauliza, "Anayemwendesha mwenzake ni yupi?"

Maisha yangu yote nimetembea nyuma ya punda. Leo ndiyo nimejua huwa wanaona nini.

Hili sitamwambia mtu mgahawani. Fundi ana siri zake.

Jumamosi, tarehe 18

Bwana Tofali kaja. Kabeba gunia la nyasi kavu begani, kalifunika kwa koti lake, yeye mwenyewe kalowa. Kasimama mlangoni mwa banda. Punda alipopata harufu yake akarudi mpaka kona ya mwisho, akajikojolea.

"Ananikumbuka," akasema.

"Anakumbuka."

Nilikuwa nimemwandalia maneno mengi, nimeyanoa tangu mwezi uliopita. Akaniwahi. "Mzee wangu, najua unanionaje. Kiangazi tunaanza kazi jua halijatoka, mimi na yeye. Yeye anavuta, mimi nasukuma. Mke wangu aliposhikwa na uchungu ni huyu aliyempeleka zahanati, na mtoto yupo anasoma. Halafu mvua zikaja, nikawa sina cha kula mimi wala wa nyumbani kwangu. Cha kwake ningekitoa wapi? Nikaanza kupita njia ya pili ili nisimwone."

"Ungemfungua kamba."

"Ningemfungua angekula shamba la mtu, nikalipa." Akalitua gunia. "Akipona nitashukuru. Bila punda, kiangazi hiki sina kazi."

Akaondoka. Viganja vyake vimepasuka kama udongo wa shimoni. Nilimtaka abaki mtu mbaya, ingekuwa kazi rahisi. Sasa kanivurugia.

Jumatano, tarehe 22

Nyasi za Bwana Tofali ni nzuri kuliko zangu. Kala zote.

Jumanne, tarehe 5, mwezi wa tano

Nimemfunga gogo dogo kwa kamba pana, niliyoishonea gunia lisimchubue. Mimi mbele, yeye nyuma, gogo nyuma yake. Kalivuta mpaka kwenye choo na kurudi. Sikujizuia. Nimekwenda mgahawani nikawaambia anavuta kuliko trekta. Muuza chai kasema siku ya siku atafunga biashara aje kuona. Wote wanakuja.

Nimerudi nikamwangalia. Kanenepa shingo. Alikuwa ananisubiri. Nikajiuliza, hivi nimekwenda kutangaza nini.

Ijumaa, tarehe 8

Daktari kampima mwendo. Kamfurahia. Nikamuuliza, tofali je, ule mkokoteni, kile kilima.

"Siku moja ataweza, babu."

"Sijauliza siku moja."

Akavua miwani akaipangusa. "Kwato zile kwa ndani zimeshaharibika kidogo, hazirudi zilivyokuwa. Kutembea, kuvuta mzigo mdogo, ataishi miaka. Tofali kila siku, juani, kwenye ardhi ngumu? Hamalizi kiangazi."

Nikamuuliza dawa. Hakuna dawa. Nikamuuliza bei ya punda mwingine, nimpe Bwana Tofali. Akaitaja. Hata nikiuza kila kitu kilicho upande wangu wa nyumba haifiki, na vya upande wa dada sivigusi.

Kwa hiyo nimempokonya mauti nimrudishe mautini. Na nimewaalika watu waje kutazama.

Jumapili, tarehe 10

Mvua kubwa. Nimefurahi.

Alhamisi, tarehe 14

Mvua mchana kutwa. Ukuta wa jikoni wa seremala umeanguka, bahati hakuna aliyeumia. Nimekwenda kusaidia kuondoa matofali. Mke wake anasema, "Baba, mvua hii itaisha lini?" Nikasema Mungu ataikata. Moyoni naomba isikatike. Nina aibu mbele ya yule mwanamke, nimeinama nazoa tofali zake huku namtakia mvua.

Jumatatu, tarehe 18

Jua nusu siku.

Jumatano, tarehe 20

Jua.

Jumamosi, tarehe 23

Nilikuwa nakula, dada akasema, "Asipofika juu ni wako. Si ndivyo mlivyopatana?"

"Ndivyo."

"Basi asifike."

"Atafika. Nikitembea mbele yake anafika hata mbinguni."

"Na usipotembea?"

Nikaweka kijiko. Nikamwambia nimeahidi mbele ya watu. Nikamwambia mtu akisema Jemedari kashindwa, mimi nitapita wapi mtaa huu. Na Bwana Tofali naye ana mke na mtoto, na mkataba ni mkataba, hata kama ni wa mdomo.

"Sawa," akasema. "Mgeni afe ili wewe upate pa kupita." Akachukua sahani yangu kabla sijashiba.

Sikuongea naye siku nzima. Ananionea. Sijui nimkasirikie nani mwingine.

Jumanne, tarehe 26

Jua. Vumbi la kwanza. Bwana Tofali kapitisha habari, ni Jumatatu.

Jumapili, tarehe 31

Nimemsugua manyoya. Kala nyasi, kanywa ndoo, choo kizuri. Sina la kuandika.

Jumatatu, tarehe 1, mwezi wa sita

Tulikwenda asubuhi, mimi mbele, punda nyuma, dada nyuma yake amevaa nguo ya kutokea. Kabla ya kufika tanurini nikapisha, nikamshika kamba pembeni, ili watu wasione tunavyotembea. Sikuwa nimeamua kitu. Naapa sikuwa nimeamua.

Mtaa wote ulikuwa pale. Muuza chai alifunga kweli. Mkokoteni ulikuwa chini shimoni, umejaa tofali za mwaka jana. Bwana Tofali akamfunga mwenyewe, na nilimwona anaichunguza ile kamba yangu pana kwa vidole, anaiweka mbali na kovu. Alikuwa na fimbo kwapani.

Mtu mmoja akasema, "Jemedari, trekta limefika, mafuta je?" Wakacheka. Nikaenda kukaa kwenye rundo la tofali mbovu pembeni, dada akakaa nami.

Bwana Tofali akasimama nyuma ya mkokoteni. "Twende."

Punda hakusogea. Masikio yakageuka huku na huku, yakatua upande wangu.

"Twende, baba. Twende."

Akasukuma kidogo, magurudumu yakazunguka kidogo, yakarudi. Punda alikuwa ananitazama. Si watu wote wanaojua punda anavyotazama, anatazama kwa shingo. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama, nishuke pale, nipite mbele ya pua yake nichechemee kwenda juu. Angenifuata. Mtaa wote ungepiga makofi na mimi ningenunuliwa chai mpaka nife.

Bwana Tofali akampiga. Hakumpiga kwa ukatili, alimpiga kama mtu anayebisha hodi. Punda akajikunja, masikio chini, akangoja. Akampiga tena, sasa kwa nguvu.

Miguu yangu ikainuka yenyewe. Dada alikuwa ameshika upindo wa koti langu, hata sikujua tangu saa ngapi. Hakunitazama. Akasema taratibu, "Kaa."

Nikakaa. Akampiga tena. Nimekaa juu ya tofali namsikiliza punda anapigwa, na dawa ya fimbo ile ninayo mimi miguuni. Kila fimbo ilikuwa ya kwangu, na aliyeipokea ni yeye. Punda alipiga goti kwa mguu mmoja wa mbele, akainuka, akasimama. Hakuondoa masikio yake kwangu.

Bwana Tofali akaitupa fimbo. Jasho lilikuwa linamtoka, na uso wake haukuwa uso wa mtu mwenye hasira. Akaja mpaka nilipokaa.

"Mzee wangu. Ulisema atafika juu."

"Nilisema."

"Vipi?"

Nikatazama chini. Nikasema, "Nimeshindwa."

"Sema wasikie, hawa ni mashahidi."

Nikasimama nikawaambia wote. Nimeshindwa na punda. Havuti. Sauti yangu ilitoka nyembamba sikuijua. Mmoja akaanza, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. "Jemedari kavuliwa vyeo." "Trekta limezima." Muuza chai alikuwa anafuta machozi. Nikapita katikati yao nikamfungua punda. Alikuwa anatetemeka, akaweka kichwa kwenye kifua changu kwa nguvu, karibu aniangushe. Nilimpaka tope pale alipopigwa.

Tulipofika nyumbani dada akafungua kufuli la chumba chake, akaanza kuhamisha zile kuni kuzipeleka nyuma, chini ya bati, si bandani tena, na akapiga ukuta wa banda kwa kiganja kama anayepima ubao wa kitanda.

Ijumaa, tarehe 5

Sijatoka. Alama za fimbo zimevimba. Ananifuata bado. Sijui kwa nini.

Jumatano, tarehe 10

Nimekwenda mgahawani. Wamecheka. Nimekunywa chai yangu. Nilikuwa na jibu zuri sana, nimelimeza pamoja na chai.

Muuza chai kasema Bwana Tofali amejifunga mkokoteni mwenyewe.

Jumanne, tarehe 16

Usingizi umenikataa tangu niliposikia. Leo asubuhi nimekwenda kuona. Ni kweli. Kajifunga ule mkanda kifuani, kainama mpaka unaona uti wa mgongo kupitia shati, mkokoteni umejaa nusu. Kafika katikati ya kilima kakwama. Anashindwa kwenda juu, anaogopa kurudi chini.

Nikaenda nyuma nikaweka mikono.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Mzee wangu, rudi nyumbani. Utavunjika."

"Vuta."

Tukasogea. Akasema bila kugeuka, huku anahema, "Siku ile nilimwona masikio. Hayakuwa yanaogopa fimbo. Yalikuwa yanakutafuta wewe."

Ningeweza kusema mengi. Nikasema, "Ndiyo."

"Ungesimama tu, angekuja."

"Angekuja."

Mkokoteni ukalia. Nikangoja auachie uniangukie, na kama angeuachia nisingemlaumu. Alisimama pale ameinama, kashikilia uzito wote. Kisha akasema, "Ungeniambia ukweli, kwamba unamtaka, unadhani ningekupa?"

"Ungenipa?"

Akafikiri. "Hapana."

Tukabaki pale wote wawili, mmoja huku, mmoja kule, tofali katikati.

"Sukuma, basi," akasema. "Tusije tukarudi chini."

Nikaweka bega.